Tundu la Milimita Nane

Pweto ni mahali ambapo ziwa linageuka kuwa mto. Maji ya Mweru, yanayoletwa na Luapula kutoka kusini, hapo ndipo yanapopata mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ni Luvua, mto unaoshuka kaskazini-magharibi hadi unapokutana na Lualaba karibu na Ankoro. Ng'ambo ya ziwa ni Zambia. Lubumbashi iko mbali, safari ndefu ya lori.

Nyumba nitakayowasimulia leo nimeibuni mwenyewe, msiende kuitafuta. Lakini ukipita mtaa wowote wa Pweto, na hata mitaa ya pembezoni mwa Lubumbashi, utaziona nyingi za aina yake: matofali mekundu kwa nje, lipu ya saruji kwa ndani, mabati juu, na kibao cha sola kimefungwa juu ya mabati. Ndani anakaa Nkambo na wajukuu wake wawili, msichana mkubwa anayependa hesabu na mvulana mdogo anayependa kupiga vitu.

Nkambo amenunua betri ya kuhifadhi umeme wa sola. Betri iko sakafuni, na sakafuni ndipo kuku wanapopita, maji yanapomwagika na mtoto wa jirani anapotambaa. Nkambo hataki. Anataka rafu ukutani, imara, ya kubeba betri na redio yake. Ameita fundi.

"Papa Fundi, si upige msumari tu?" akauliza mdogo. "Msumari mrefu kabisa."

Fundi hakumcheka. Alitoka naye uani, akamwonyesha tofali lililobaki tangu nyumba ilipojengwa, akampa nyundo na msumari, akasema, "Haya, piga." Pigo la kwanza msumari uliteleza. La pili ukapinda. Baada ya mapigo machache zaidi, tofali lilikuwa vipande viwili na mvulana ameridhika, maana kuvunja nako ni raha.

Sasa sikilizeni kilichotokea hapo, kwa sababu ndicho kiini cha kazi nzima. Ubao una nyuzi. Msumari ukiingia, nyuzi husogea pembeni kuupisha, halafu hutaka kurudi mahali pake, na huko kutaka kurudi ndiko kunakoubana msumari. Tofali halina nyuzi. Ni udongo uliochomwa hadi chembe zake zikashikana, na chembe hizo hazijui kusogea: ama zinakaa, ama zinaachana. Ukilazimisha kitu kiingie bila kutoa nafasi, ukuta utaitafuta nafasi wenyewe, na utaipata kwa kupasuka. Kwa hiyo kwenye tofali kazi hugawanyika mara mbili. Kwanza unatoa udongo kidogo, ukiwa vumbi, ili pawe na tundu. Kisha unatia ndani ya tundu kitu kinachojua kusogea na kubana, kifanye kazi ambayo nyuzi za ubao zingeifanya.

Kabla ya kutoa mashine kwenye mfuko, fundi yule alifanya jambo lililomshangaza Nkambo. Aligonga ukuta. Aligeuza bisibisi, akagonga kwa mpini wake, hapa, pale, juu kidogo, chini kidogo, sikio karibu na lipu.

"Anabisha hodi kwa nani?" Nkambo akauliza, na wajukuu wakacheka.

Alikuwa anasikiliza matofali. Katanga ni nchi ya vichuguu. Kandokando ya Lubumbashi kuna vichuguu vya mchwa virefu kuliko mtu mzima, vipana kiasi kwamba nyumba ndogo ingeweza kukaa juu yake. Mchwa hupandisha kutoka chini udongo laini wenye mfinyanzi mwingi, na wafyatuaji wa matofali wanaujua udongo huo tangu zamani: wanakibomoa kichuguu, wanaukanda udongo kwa maji, wanaupiga kwenye kibao cha kufyatulia, wanaanika. Kisha hupanga matofali yawe tanuri, wakiacha mifereji chini ya kuingizia kuni, wakaikandika tanuri nzima tope kwa nje, na kuwasha moto unaokesha siku kadhaa.

Moto huo haugawi sawa. Tofali lililokaa jirani na mfereji wa kuni huiva mno. Hutoka jeusi-jekundu, pengine limepinda, na ni gumu kama litakavyo lenyewe. Lililo katikati huiva vizuri. Lililo ukingoni, karibu na tope na upepo, hutoka limepauka, na kwa ndani bado lina ubichi. Ukilikwaruza kwa ukucha linaacha unga. Yote matatu hupakiwa kwenye toroli moja, yakauzwa kwa bei moja, na mwashi huyaweka ukutani bega kwa bega. Lipu ikishapita juu yake, macho hayawezi tena kuyatofautisha. Sikio linaweza. Tofali lililoiva hujibu kwa mlio mkali, mfupi. Bichi hujibu kwa mlio mzito unaokufa hapohapo. Na mahali ambapo lipu imeachana na tofali, utasikia uwazi, kana kwamba nyuma yake hakuna kitu, na kweli hakuna.

Fundi akatia alama nne za penseli pale palipolia vizuri. Mbili zilikuwa za chuma cha kulia, mbili za chuma cha kushoto. Akazihakiki kwa pima maji, akasogeza moja. Kisha akarudi nyuma, akatazama ukuta mzima kuanzia kwenye paa.

Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni umeme. Nyaya zilizofukiwa ndani ya lipu kwa kawaida hupanda au hushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, kwa hiyo hutoboi juu ya swichi wala chini yake. Nyumba ya Nkambo haina nyaya za SNEL, shirika la umeme la taifa, ina uzi mmoja tu wa taa ya sola uliopigiwa vibanio nje ya lipu, unaonekana wazi. Lakini mtoto anayejifunza Pweto leo huenda kesho akafanya kazi Lubumbashi, kwenye nyumba yenye waya upande huu na bomba la maji upande ule, na huko kutoboa bila kutazama ni kuhatarisha maisha.

Sababu ya pili ni nyufa. Bonde la Mweru ni tawi la Bonde la Ufa, na ardhi ya huko haijamaliza kujinyoosha. Usiku wa tarehe 24 Februari 2017, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilitokea upande wa Kaputa, Zambia, na Pweto ikatikisika nayo. Ukuta uliotikiswa unaweza kubaki na ufa mwembamba unaopanda kwa ngazi, ukifuata maungio ya saruji kati ya tofali na tofali. Tundu likitobolewa karibu na ufa kama huo hupata ukuta ambao tayari umekwisha kuachana. Ukiubana zaidi kwa ndani, unauongezea kazi ya kupasuka. Fundi mwenye akili huhama. Rafu ikikaa sentimita 20 kando ya pale Nkambo alipopataka, Nkambo atanung'unika siku mbili, basi.

Msichana naye alikuwa na swali lake. "Papa Fundi, ukuta huu utaweza kweli? Betri ni nzito."

Alikuwa ameibeba yeye, kwa hiyo alijua. Tuseme betri na redio pamoja ni kilo 30. Watu wengi hudhani uzito huo unavuta skrubu kwenda chini, na ni kweli kwa sehemu. Lakini rafu imetokeza mbele ya ukuta, kwa hiyo uzito unataka pia kuipindua: sehemu ya chini ya chuma cha rafu inausukuma ukuta, sehemu ya juu inajaribu kuchomoka. Fundi aliandika hesabu kwa penseli juu ya lipu. Uzito ukikaa sentimita 15 kutoka ukutani, na chuma cha rafu kikiwa na urefu wa sentimita 30 kwenda chini, skrubu za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kama kilo 15 kwa jumla, kwa sababu 30 mara 15, gawanya kwa 30. Ukinunua chuma kifupi, cha sentimita 10 tu, hesabu ni 30 mara 15, gawanya kwa 10: kilo 45. Betri ni ileile, skrubu ni zilezile, lakini skrubu za juu zinavutwa mara tatu zaidi. Msichana aliirudia hesabu kidoleni, akakubali. Sokoni ile jozi ya vyuma vifupi huwa ya bei nafuu, ndiyo maana inanunuliwa sana, na ndiyo maana rafu nyingi zinaning'inia vichwa chini.

Sasa mashine. Sola ya Nkambo haiwezi kuiendesha. Fundi alikuja na jenereta ndogo, akaiweka nje, mbali na dirisha, kwa sababu moshi wake unaua. Akatoa drili, na kutoka kwenye kibweta akatoa kile chuma kilichochongwa mizunguko, ambacho mafundi wa Katanga hukiita meshe. Ilikuwa ya milimita 8. Aliwapa watoto waishike.

"Tazameni ncha yake," akasema. "Mnaona nini?"

Waliona kipande kidogo cha rangi tofauti, cha kijivu, kimepachikwa kwenye ncha, kipana kidogo kuliko chuma chenyewe. Na hapa, wanangu, naomba mnivumilie niende mbali, kwa sababu kipande hicho kina habari ndefu.

Ndani ya tofali na ndani ya lipu kuna mchanga, na punje nyingi za mchanga ni kwatzi. Wataalamu wa madini hupima ugumu kwa ngazi ya 1 hadi 10. Almasi iko juu kabisa, kwenye 10, na kwatzi iko kwenye 7. Chuma cha pua cha kawaida kiko chini ya hapo. Maana yake ni kwamba ukitoboa ukuta kwa meshe ya chuma peke yake, ni ukuta unaoisaga meshe. Wamisri wa kale walilijua tatizo hili zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, nao walikuwa na shaba tu, ambayo ni laini hata kuliko chuma. Dawa yao ilikuwa ya ujanja: walichukua mrija wa shaba, wakamwaga mchanga chini yake, wakauzungusha kwa uta na kamba. Shaba haikukata kitu. Mchanga ndio uliokata, shaba iliuburuta tu. Kwa njia hiyo walitoboa hata matale, mawe magumu ya kutisha, polepole, kwa subira ambayo sisi hatuna tena.

Kipande kile cha kijivu ni uvumbuzi wa juzi tu. Mwaka 1923, Mjerumani aitwaye Karl Schröter, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya taa ya Osram mjini Berlin, alikuwa anatafuta kitu kigumu cha kuvutia zile nyuzi nyembamba za wolframu zinazowaka ndani ya taa. Almasi ilifaa lakini ilikuwa ghali. Alichukua unga wa kabidi ya wolframu, mgumu mno, karibu 9 kwenye ngazi yetu, lakini peke yake ungemeguka. Akauchanganya na unga kidogo wa metali nyingine, akaukandamiza, akauchoma kwa joto la takriban digrii 1,400. Ile metali ya pili ilianza kuyeyuka, ikapenya katikati ya punje na kuzishika, kama sukari ya kuungua inavyozishika karanga. Punje zikakata, metali ikazuia zisimeguke. Miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ilikuwa inauza ncha hizo.

Metali hiyo ya pili ni kobalti.

Mmeshaanza kutabasamu. Ndiyo. Katika miaka hiyohiyo ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa inaanza kuzalisha kobalti kutoka kwenye madini ya shaba ya hapa kwetu, na haikuchukua muda Katanga ikawa mzalishaji mkubwa duniani. Hadi leo, zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa ulimwenguni inatoka Kongo, karibu yote katika ukanda wa kutoka Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi. Wolframu nayo huchimbwa Kivu na Maniema. Siwezi kuwaapia kwamba meshe ya fundi wetu ina kobalti ya Kolwezi. Hakuna anayeweza kusoma asili yake ikishayeyushwa. Lakini ukilinganisha kiasi kinachotoka kwetu na kinachotoka kwingineko, ni dau ambalo ningeliweka bila kusita. Udongo wa Katanga ulisafirishwa nje, ukarudi ukiwa ncha ndogo kuliko punje ya mahindi, ikauzwa sokoni kwa bei ambayo mchimbaji wake angeisikitikia. Na waya wa shaba uliosokotwa ndani ya mota ya drili, je? Huo nao mnaweza kuuliza.

Tuendelee. Fundi alimfunga Nkambo kitambaa puani, akawafunga watoto, akajifunga mwenyewe, akavaa miwani. Nkambo aliona ni maringo. Mimi nasema ni historia. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Colorado, Marekani, fundi aitwaye John George Leyner aliunda mashine ya kutobolea miamba migodini yenye chuma chenye tundu katikati, na upepo ulipitishwa humo ili kusukuma vumbi nje. Ilitoboa haraka ajabu. Lakini vumbi lote liliwarudia wachimbaji usoni, na wachimbaji wakaikataa. Leyner akaibadilisha, akapitisha maji badala ya upepo tupu, vumbi likawa tope, na mashine ikaenea duniani. Chembe za kwatzi zilizo ndogo kuliko zinavyoweza kuonekana huingia mapafuni na hazitoki; mapafu huota makovu, pumzi ikapungua mwaka hadi mwaka. Wazee waliofanya kazi chini ya ardhi, pale Kipushi na kwingineko, wanaweza kuwasimulia habari za wenzao waliokohoa. Matundu manne ya rafu hayatamfanya mtu mgonjwa. Lakini fundi hatoboi manne. Anatoboa maisha yake yote.

Drili iliwashwa. Mlio wake ulimfukuza kuku wa mwisho.

Mashine ya namna hii hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inazungusha meshe, na inaigongesha mbele na nyuma. Ndani yake kuna visahani viwili vyenye meno, kimoja kinazunguka juu ya kingine, na kila jino likipanda juu ya jino na kuanguka, meshe hupata kipigo kidogo. Tuseme inazunguka mara 2,800 kwa dakika na kisahani kina meno 16. Msichana alikwisha kuifanya hesabu: mapigo 44,800 kwa dakika. Kipigo kinavunja punje, mzunguko unaikusanya, na ile mifereji iliyochongwa kwenye meshe inapandisha unga kuutoa nje. Kazi ya mkono wako ni kushika wima na kusukuma kwa kiasi. Anayesukuma kwa nguvu zote anaibana meshe mle ndani, vumbi linakosa njia, ncha inapata moto. Ndiyo maana fundi wetu alikuwa akiitoa meshe nje kila mara huku ikizunguka, ikiteremsha vumbi, kisha akiirudisha.

Chini ya alama alikuwa amebandika karatasi iliyokunjwa katikati, ikae kama kifuko. Mvulana mdogo alipewa kazi ya kukitazama kifuko hicho, na kazi hiyo ndiyo ningempa mtoto yeyote.

"Rangi gani?" fundi akauliza, sauti juu ya mlio.

"Kijivu!"

Hiyo ni lipu. Saruji na mchanga, unene wa sentimita 2 katika nyumba hii. Fundi hakuwa amewasha kugonga bado, alikuwa anazungusha tu, kwa sababu lipu ikigongwa hubanduka vipande vipana.

"Sasa rangi gani?"

"Nyekundu! Nyekundu, Papa!"

Hapo ameingia kwenye tofali, na hapo ndipo alipowasha kugonga. Unga mwekundu wenye kung'ata, unaotoka kidogokidogo, unakwambia tofali limeiva. Tundu la tatu likaleta habari nyingine: baada ya kijivu ulitoka wekundu, halafu ghafla kijivu tena, na meshe ikazama haraka kuliko ilivyostahili. Wajukuu walitazamana. Fundi alizima mashine kabla hata hawajasema. Alikuwa amelitoboa tofali pembeni na kuangukia kwenye maungio, mahali ambapo mwashi alitia mchanga mwingi na saruji ya kuombea. Sheviye, ambayo nitaieleza punde, ingekaa humo kama jino bovu. Akapima upya, akasogea sentimita 5.

Meshe alikuwa ameifunga utepe kwenye sentimita 7, ajue pa kuishia: mbili za lipu, nne za sheviye, moja ya ziada kwa ajili ya vumbi linalobaki chini. Kisha akachukua mrija mwembamba, akafumba macho, akapuliza kila tundu. Wengi huiruka hatua hii. Vumbi likibaki ndani hugeuka ute mkavu kati ya sheviye na tofali, na kinachohitajika pale ni mkwaruzo, wala si utelezi.

Sheviye mnazijua, hata kama hamkuwahi kuuliza jina lake: kile kijimrija cha plastiki kilichopasuliwa kichwani, cha kijivu au chekundu, kinachoingia tunduni kabla ya skrubu. Zamani haikuwapo. Fundi alikuwa akichimba shimo la mraba kwa patasi, akapigilia humo kipande cha mti mgumu, kisha akatia skrubu kwenye mti. Ilishika, ila ukuta ulibaki na jeraha kubwa. Mwaka 1911 mjenzi wa London aitwaye John Joseph Rawlings alipewa kazi kwenye jumba la makumbusho la British Museum: kufunga vifaa vya umeme bila kuziharibu kuta. Akatengeneza kijimrija cha nyuzi za juti zilizogandishwa, kinachotosha kwenye tundu dogo la mviringo, na skrubu ikiingia hukitanua. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer, mtoto wa mshona nguo wa kijijini, alikiunda upya kwa nailoni, akakipa meno ya nje na mikono midogo inayozuia kisizunguke pamoja na skrubu. Alipofariki mwaka 2016 alikuwa na hataza zaidi ya 1,100 kwa jina lake, na bado watu wanamkumbuka kwa hicho kidude kisichofikia urefu wa kidole.

Kumbukeni msumari uliolipasua tofali. Sheviye imekubaliwa kuingia kwa sababu nafasi ilitengwa kwanza. Skrubu ikizungushwa ndani yake, nailoni inatanuka kila upande, inajikandamiza kwenye kuta za tundu, na tofali linarudisha msukumo huohuo. Ndizo nyuzi za ubao zilizokosekana. Na ndiyo sababu sheviye lazima ikae ndani ya tofali kabisa, ipite lipu: ikitanukia kwenye lipu, itaibandua.

Kufika saa kumi rafu ilikuwa imesimama, na betri juu yake. Jirani, yule mama wa mtoto anayetambaa, alikuja kutazama. Akasema na yeye anataka.

Lakini nyumba ya jirani ni ya matofali mabichi, udongo uliokaushwa kwa jua tu, haukuona moto. Fundi aligonga mara moja akatikisa kichwa. "Mama, hapa drili haina kazi." Meshe ingeingia kama kwenye unga, na sheviye ingetanuka ikisukuma udongo ambao hauna cha kurudisha. Kwa ukuta wa namna hiyo kuna njia za wazee: kigingi kirefu cha mti wa mulombwa kinachopita ukuta mzima na kufungwa kwa kibao upande wa nje, au rafu inayoning'inia kutoka kwenye boriti za paa, au, rahisi kuliko zote, meza yenye miguu minne. Mafundi wa pwani, wa Lamu na miji ya mawe, walikwenda mbali zaidi: walipojenga kuta nene za matumbawe waliacha zidaka ndani yake, vishubaka vya kuwekea vyombo, na vigingi vya mbao vya kutundikia nguo, mapema, kabla lipu haijakauka. Hakuna aliyehitaji kutoboa baadaye. Kama mtajenga siku moja, fikirieni rafu zenu kabla ya matofali.

Lilibaki lile tundu la tatu, lililokosewa, likitazama chumba. Mvulana alitaka kulijaza kwa karatasi iliyotafunwa. Fundi alimwonyesha: nyunyiza maji ndani kwanza, kwa sababu tofali kavu litanyonya maji ya saruji kabla haijashika, changanya saruji sehemu moja na mchanga laini sehemu tatu, mchanganyiko uwe mzito, ujaze kwa kijiti ukishindilia kutoka ndani kuja nje, usiache hewa, lainisha juu kwa kidole chenye maji. Kisha lowesha asubuhi na jioni kwa siku tatu. Siku ya nne mvulana alikuja na bisibisi, akaigeuza, akagonga kwa mpini, na kumwita dada yake aje asikilize.